Doa la Bibo

Kadi zangu zinatembea kuliko mimi. Zimefika Mtwara, zimefika Songea, zimefika Dar es Salaam, na moja niliambiwa ilivuka Ruvuma ikaenda kwa shangazi wa bwana harusi huko Msumbiji. Mimi mwisho wangu ni Masasi, tena kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu mama hawezi kulala peke yake. Huwa nazitazama zikiingia kwenye bahasha, na naona wivu. Mtu mzima na akili zangu, naionea wivu karatasi.

Nilikuja Newala na begi dogo la nguo za wiki moja. Mama alikuwa ameanguka bafuni, kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Mdomo ulipinda, mguu ukawa wa kuburuta, na ule mkono ulioandika ubaoni maisha yake yote ukajikunja kifuani, vidole vikafumba vikagoma kufunguka. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nusu ya mji huu amewafundisha kusoma, na nusu nyingine amewachapa. Nilikuwa Dodoma wakati huo, kwenye duka la kuchapa kadi za harusi, na kiti changu pale kilikuwa karibu na dirisha. Nakitaja kiti hicho kwa sababu nimekiota mara nyingi.

Mama alipotoka hospitali ya misheni kule Ndanda, ukoo ulikaa kikao. Kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Huyu wetu ni kaka yake mama, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache na kofia ya sufi hata jua likiwa kali. Alikaa kwenye mkeka barazani kwetu, akanitazama, akasema, "Mpwa wangu, wewe huna mume, huna mtoto. Utakaa na mama yako."

Nilisema nina kazi.

"Kazi ipo," alisema, "na mama yupo."

Kaka yangu, mwenye mke na watoto Dar es Salaam, alikuwa anaangalia simu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama anayeishi Masasi, nyumba nzuri ya bati jekundu, alikuwa analia kwa sauti ya kutosha ili asiulizwe lolote. Hapo nikapandisha hasira. Nikasema maneno ambayo binti hasemi mbele ya mjomba wake, nikauliza kama mama alizaa mtoto mmoja tu au wawili, na kama nyumba ya Masasi haina vyumba. Mjomba hakunigombeza. Akasema jambo ambalo nililishika kuanzia siku ile kama mtu anavyoshika tiketi ya basi:

"Siku dada atakaposhika kijiko kwa mkono wake wa kulia akala mwenyewe, atahamia Masasi kwa mdogo wake. Kaka yako ataweka msichana wa kazi. Na wewe utarudi Dodoma. Tumesikilizana?"

Wote walisema ndiyo. Mama mdogo alisema ndiyo, kaka alisema ndiyo, na mama mwenyewe, ameegemezwa kwenye kiti, alitikisa kichwa. Mwenye duka kule Dodoma, mama mmoja mwenye roho nzuri, aliniambia kwenye simu kwamba atanitunzia kiti mpaka mwaka mpya. Basi maisha yangu yote yakawa yamekaa kwenye vidole vya mama.

Kwa nyuma, nyumba yetu haiko mbali na ukingo wa uwanda. Ukungu wa asubuhi ukishaondoka unaona bonde lote chini, mto kama uzi, halafu ng'ambo Msumbiji, milima ya bluu ya nchi ya watu. Wageni huja mpaka huku kupiga picha na kusema maeneo yanapendeza. Ni kweli yanapendeza. Lakini mtu anayeona nchi nyingine kila siku akiwa anafua mashuka, na hawezi kufika hata stendi bila kumwomba jirani amkalie mama, huyo mandhari yanamkera.

Mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo pale Ndanda alikuwa ametupa sponji. Mama aikamue asubuhi na jioni, alisema, vidole vitakumbuka. Mama aliikataa tangu siku ya kwanza. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini maneno aliyoyachagua yalikuwa yaleyale ya darasani. "Mimi siyo mtoto wa chekechea," alisema, akaitupa chini kwa mkono wa kushoto. Nikaiokota. Nikaiweka. Akaitupa. Tuliendelea hivyo mpaka siku moja nilipochoka nikaikata vipande kwa wembe, kwa hasira tu, nikachukua kimoja nikakichovya kwenye wino wa muhuri uliobaki tangu enzi zake za ualimu mkuu, nikaanza kugusagusa kwenye karatasi ngumu.

Hivyo ndivyo kadi zilivyoanza. Kule Dodoma nilikuwa nabonyeza kitufe na mashine inatema kadi mia zinazofanana kama mayai. Hapa sikuwa na mashine, nilikuwa na hasira na godoro kuukuu la kukatia sponji. Mihuri niliichonga kwenye soli za ndala zilizokatika: ua, jani la mkorosho, kinu na mchi, mikono miwili. Muhuri unaupiga kwanza, unaacha ukauke. Kisha unapitisha mshumaa mkavu juu ya picha, taratibu, ili nta ikae juu ya mistari na wino mwingine usiifunike. Ndipo inapokuja sponji, na sponji ndiyo kazi yenyewe.

Watu wanadhani ni kupaka. Ukipaka umeharibu. Kipande cha sponji unakikunja kiwe mviringo, unakifunga nyuma kwa mpira wa kufungia pesa, unakishika kwa gumba na vidole viwili kama unavyoshika chumvi. Unagusa wino. Halafu, kabla hujagusa kadi, unamalizia ukali wake kwenye karatasi ya kutupa, maana mguso wa kwanza siku zote ni mwingi mno na huacha doa lisilorekebishika. Unaanzia nje ya kadi, kwenye karatasi ya chini, unaingia ndani kwa mizunguko midogo, mkono mwepesi, usiosimama. Rangi nyepesi kwanza, nzito mwisho, na nzito iishie pembeni. Mtu akiitazama kadi asijue rangi imeanzia wapi. Na kila rangi iwe na sponji yake, kwa sababu hapa Newala maji tunayanunua kwa dumu na sitayatumia kusafishia sponji.

Mama alinitazama siku nyingi. Siku moja akasema, "Hapo umefuta au umepaka?"

Nilikuwa nimeharibu pembe. Nikamwambia kama anaweza zaidi yangu ashike yeye.

Akanyoosha mkono wa kushoto.

Ninakiri nilifurahi kwa sababu mbaya. Nilijua kwamba mkono mmoja ukifanya kazi, mwingine huchokozeka. Nikamwekea kipande cha sponji kushoto, na kingine nikakipachika kwenye ngumi ya kulia, hivihivi tu, kikae. Kila asubuhi nilimpaka mafuta ule mkono wa kulia nikavifungua vidole kimoja baada ya kingine, na kila asubuhi vilijifunga tena, polepole, huku ananitazama usoni. Nilikuwa namuuliza, "Unaonaje leo?" Anasema, "Bado." Kesho yake, "Bado." Neno hilo nilianza kulichukia kama jina la mtu.

Wateja walikuja wenyewe. Huku kwetu korosho zikiuzwa ndipo sherehe zinapoanza: harusi, jando, mama anayemcheza mwali wake. Kila sherehe ina kadi za mchango, na ukishapewa kadi umeshikwa, huwezi kusema hukusikia. Kadi za kuchapwa Masasi zote zina ua lilelile la waridi. Ya mkono watu hawaitupi, wanaichomeka kwenye kioo cha kabati, na anayeingia sebuleni anauliza imetoka wapi. Wanawake wakawa wanapiga hodi kwetu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba." Na wakimwona mama amekaa na sponji mkono wa kushoto, wanashangilia kana kwamba amepasi mtihani, na mama anafumba ile ngumi ya kulia chini ya khanga kama mtu anayeficha pipi.

Kulikuwa na tatizo moja, rangi ya kahawia. Mwali anatakiwa kadi ya rangi za udongo, ndivyo wateja walivyotaka, na wino wa muhuri madukani ni bluu, mwekundu, mweusi na zambarau. Ni mama aliyesema, akiangalia nje, "Bibo."

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalikuwa yamejaa kila mahali, msimu wake, yameanguka chini ya mikorosho yanachachuka na nzi wanakula. Mtoto yeyote wa uwandani ameshachapwa kwa ajili ya bibo. Unalila shambani, maji yake yanadondoka kwenye shati, huoni kitu, shati ni safi. Mama anakuja kulifua kwa sabuni, na doa linatokea la kahawia, na hapo halitoki mpaka shati lichanike. Basi tuliyakamua, tukayachuja kwa kitambaa, tukayagusisha kwenye kadi kwa sponji. Mwanzoni huoni chochote, karatasi imelowa tu. Unaianika juani, na baadaye pembe zinaanza kuiva, rangi ya chai, halafu rangi ya gome. Ilipendeza kuliko wino wowote wa dukani. Ugumu wake ni kwamba unafanya kazi bila kuona unachofanya. Mkono lazima ujue wenyewe ulishapita wapi.

Ndiyo maana nilishangaa.

Mimi nilipokuwa nimekaa karibu, kadi za mama za bibo zilitoka na mabaka. Mkono wa kushoto ulikuwa unasimama, unaacha bwawa la maji, unaruka sehemu. Lakini siku nilizokwenda Masasi kununua karatasi, jirani akiwa anachungulia tu mara mojamoja, nilirudi nikakuta kadi zimeanikwa kwenye uchaga wa vyombo, na zilipoiva zilikuwa laini mno. Huoni rangi inaanzia wapi. Nilimsifu kwa dhati. Nikamwambia mkono wake wa kushoto umenishinda mimi mwenye mikono miwili.

"Ukinitazama natetemeka," alisema.

Nikaamini. Alikuwa mwalimu, alijua kutazamwa ni nini. Nikawa namwachia nafasi makusudi, nazunguka nyumba, nakwenda dukani bila sababu, ili mkono wa kushoto upate uhuru. Najicheka nikikumbuka. Mimi niliyekuwa nimefungwa nilikuwa natoka nje ili yeye apate faragha.

Msimu ulikuwa unakwisha na mwaka unaelekea ukingoni. Mjomba aliagiza kwamba kikao kitakaa Jumamosi, watu wote waje, tuone hali ya mgonjwa. Mwenye duka wa Dodoma alinitumia ujumbe kuniuliza kama naja au siji. Nilimjibu nangoja Jumamosi. Asubuhi zile nilimpaka mama mafuta mengi kuliko kawaida, nikamvuta vidole mpaka akaguna. Nilimpa kijiko mkono wa kulia. Kijiko kikaanguka. Nikakiokota nikampa tena. Kikaanguka. Nikatoka nje nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikaitazama Msumbiji mpaka machozi yakakauka.

Alhamisi nilifua. Nilikuwa na maji ya kutosha kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kwa hiyo nikafua kila kitu, pamoja na ile khanga nyeupe yenye maua ya bluu ambayo mama hujifunga akiwa amekaa uani. Nilipoikung'uta niianike nikaona doa. La kahawia, limetokea kwenye sabuni. Nilianza kulalamika kwa sauti, nikimsema mama kwamba na ualimu wake wote anajifutia bibo kwenye khanga nzuri. Halafu nikaitandaza kwenye kamba.

Lilikuwa doa la mkono. Vidole vinne na gumba, vimeachana, vimenyooka, kama vya mtu aliyejifuta mara moja haraka kwenye paja lake. Paja la kulia. Gumba liko upande wa ndani. Niliweka mkono wangu wa kulia juu yake na mkono wangu ulikuwa mkubwa. Nikajaribu wa kushoto na haukukaa, kila kidole kilikuwa upande usio wake.

Nitasema ukweli wa nilivyojisikia. Kitu cha kwanza kilikuwa furaha, furaha tupu, mama amepona, nikataka kupiga kigelegele pale kwenye kamba. Haikudumu. Nikakumbuka mafuta ya kila asubuhi. Nikakumbuka vidole vinavyojifunga polepole huku ananitazama usoni. Nikakumbuka kile kijiko nilichokiokota. Nilimchukia mama yangu kwa muda ambao sitaki kuusema ulikuwa mrefu kiasi gani.

Niliingia ndani. Alikuwa amekaa dirishani, ngumi kifuani.

"Mama, mkono unaonaje?"

"Bado," alisema. Akaongeza, kwa upole, "Usikate tamaa, mwanangu."

Khanga ilipokauka niliikunja vizuri, doa likiwa ndani, nikaiweka chini ya mto wangu.

Jumamosi walikuja. Mjomba na kofia yake, kaka kutoka Dar na shati la safari, mama mdogo kutoka Masasi na chupa ya chai kana kwamba sisi hatuna. Walikaa barazani, mama wakamweka katikati, nikaandaa chai na mihogo ya kuchemsha. Tukajuliana hali mpaka hali zikaisha. Kisha mjomba akasema, "Dada, tuone mkono."

Mama alinyanyua ile ngumi kidogo. Mama mdogo akaweka kijiko kati ya vidole, kwa mikono yake iliyojaa bangili, na kijiko kikaanguka kwenye mkeka. Akasema, "Masikini dada yangu." Kaka akapumua, na pumzi ile niliielewa. Ilikuwa pumzi ya mtu ambaye hataweka msichana wa kazi mwaka huu.

"Basi," mjomba akaanza.

Nikasema, "Mama anasikia baridi." Jua lilikuwa linawaka. Nikaingia ndani nikatoka na ile khanga, nikaikunjua mbele yao wote, nikamtandikia mapajani. Niliitandika taratibu na kwa usahihi, maana mkono wangu unajua kazi hiyo, mpaka doa likakaa juu kabisa ya paja la kulia, wazi kama picha.

Nilikuwa nimepanga kusema kitu. Sikuhitaji. Mama aliinamisha macho akaona. Na bila kufikiri, kama mtu anavyoziba nguo iliyochanika, alishusha mkono wake wa kulia akalifunika doa. Vidole vilifunguka vyote. Vilinyooka, vikaachana, vikakaa palepale juu ya vidole vya kahawia, kila kimoja na cha kwake.

Hakuna aliyekuwepo pale asiyejua bibo. Mjomba analima korosho tangu utoto, mama mdogo alikulia chini ya mikorosho hiyohiyo, kaka alichapwa na mama huyuhuyu kwa ajili ya mashati. Wote walitazama ule mkono. Nami niliwatazama wao, mmoja mmoja, nikingoja mtu aseme. Nilimwona mama mdogo akiiona nyumba yake ya Masasi na kitanda cha dada yake ndani. Nilimwona kaka akipiga hesabu. Mjomba alitazama mkono, akanitazama mimi, na kwa kitambo nilidhani atasema, kwa sababu midomo yake ilifunguka. Kisha akageuza uso akawaangalia kuku uani.

"Chai inapoa," alisema mama mdogo.

"Kweli," alisema kaka.

Mama bado alikuwa ameuacha mkono pale. Nadhani hakujua la kufanya nao, kuukunja mbele yao kungekuwa kazi nyingine. Mjomba akachukua kikombe, akanywa, akakiweka chini.

"Dada bado hajawa sawa," aliwaambia kuku. "Tumwachie msimu mwingine."

"Msimu mwingine," wakaitikia.

Nilitaka kupiga kelele. Siku ya kikao cha kwanza nilipiga, mnakumbuka, na maneno yalinijia tele. Safari hii niliutazama uso wa mama. Alikuwa na aibu ambayo sijawahi kuiona kwake, mwanamke aliyesimama mbele ya wakaguzi wa shule bila kupepesa. Na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu, ya mtoto aliyeambiwa atabaki peke yake. Nikakusanya vikombe.

Wakaondoka. Mama akasema, bila kunitazama, "Masasi ni kwa watu."

"Ni kwa mdogo wako, mama."

"Ni kwa watu," alirudia. "Nitakuwa naomba hata maji ya kunawa." Halafu akanyoosha mkono wa kulia, wazi, mbele yangu kwa mara ya kwanza, akanishika mkono. Alikuwa na nguvu. Alinishika kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara nikiwa mdogo, na nilielewa kwamba hanishiki anisaidie, ananishika nisiondoke. Nilimwandikia mwenye duka asiningoje. Alijibu kwa upole kwamba kiti ameshampa mtu, maana jibu langu la kungoja Jumamosi alilisikia kama hapana.

Siku hizi tunafanya kazi pamoja uani, yeye na mikono yake miwili. Ni fundi kunishinda. Anafanya vitu ambavyo mimi siviwezi, anachana karatasi kuwa kilima, anailaza juu ya kadi, anapitisha sponji ukingoni, anaishusha kidogo, anapitisha tena, na mbele yako panatokea vilima nyuma ya vilima, vinazidi kufifia, kama unavyoviona kutoka nyuma ya nyumba yetu. Akiona pembe yangu ina bwawa anasema, "Rudia." Ninarudia. Kuna asubuhi tunacheka. Kuna asubuhi simsemeshi mpaka mchana, na ananiacha, kwa sababu anajua deni lake. Mlango uko wazi, barabara ya Masasi ni ya lami, na hakuna aliyenifunga kamba. Nimejaribu mara nyingi kumweleza mtu jambo hili na huwa naishia katikati.

Ile khanga bado anajifunga. Doa halikutoka na halitatoka. Wateja wanaliona, wanajua ni la nini, wanasema khanga nzuri, Mwalimu, na wanaomba kadi zao. Maana mji mzima unajua bado hajapona. Na mtu akipiga hodi, mimi ndiye ninayeinuka haraka, ninamtoa sponji mkononi, ninamkunja vidole kimoja kimoja mpaka ngumi ikae sawa kifuani. Kisha naitikia, karibu.